Muulize Bibi Shamba: Miba Mingi, Maua Machache

Mwezi huu wasomaji wa Tanga wameizidi mikoa mingine yote kwa barua. Nimechagua nne, zote zikihusu mimea itambaayo ukutani na namna ya kuipogoa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa kosa linaloelezwa humo nimeliona katika nyua nyingi za mji ule, kuanzia Raskazone hadi Makorora.

Shikamoo Bibi Shamba. Ninaishi Chumbageni. Miaka saba iliyopita nilipanda bogenvilia ya zambarau kando ya lango, nayo ikapanda juu ya tao la chuma na kuchanua hadi wapita njia wakawa wanasimama kuitazama. Tangu mwaka juzi nimemwajiri kijana anayekuja kila mwezi kuikata kwa panga ili iwe imenyooka kama ukuta. Kila jioni naimwagilia maji, na mara mbili kwa mwaka naiwekea samadi ya kuku. Sasa imekuwa ya kijani kibichi na ina miba mirefu kama sindano za kushonea magunia, lakini maua hakuna, isipokuwa juu kabisa ambako panga la kijana halifiki. Jirani yangu, ambaye yake haigusi hata kidogo, ana maua tele. Je, niache kuikata kabisa? Na kama ni kukata, nikate lini na vipi? (Mama wa Chumbageni, Tanga)

Marahaba mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe, pale uliposema kwamba maua yamebaki juu ambako panga halifiki. Bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, hasa kuelekea nchani, baada ya chipukizi kurefuka, kukomaa kidogo na kuonja ukavu. Kijana wako anapokuja kila mwezi hukata ncha zile zile zilizokuwa zikijiandaa kuchanua. Mti hutoa nyingine, naye hurudi mwezi unaofuata akazikata hizo pia. Kwa hesabu hiyo, unamlipa mtu akuvunie maua kabla hayajaonekana.

Hiyo miba nayo inasema jambo. Katika bogenvilia, mwiba na kishada cha maua hutoka mahali pamoja, kwenye kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na tawi, na vyote viwili huanza kama kichipukizi cha aina moja. Mti ukiwa na maji mengi, mbolea nyingi yenye naitrojeni na kivuli, nguvu zake huenda kwenye matawi na majani, na vile vichipukizi vya kwapani hugeuka miba. Ukipata jua la kutosha, yaani saa sita au zaidi kwa siku, na maji ya kubana, vichipukizi hivyo hivyo hugeuka vishada. Samadi ya kuku ni kali kwa naitrojeni kuliko samadi ya ng'ombe, na ukiijumlisha na ndoo yako ya kila jioni utaona kwamba umekuwa ukiulisha mti wako ili uote miba. Jirani yako hana siri yoyote. Uvivu wake ndio uliomsaidia, ingawa nitakuja kusema kwa nini hautamsaidia siku zote.

Kuhusu wakati wa kukata, vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi, navyo hukuambia ukate baridi inapokwisha. Shauri hilo halina maana Tanga. Tena katika nchi zilizo mbali na ikweta bogenvilia huongozwa pia na urefu wa siku, kwa kuwa siku fupi huichochea kuchanua, ilhali Tanga, iliyo nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haizidi dakika 40 hivi. Kwetu pwani kinachoiamsha na kuilaza ni mvua. Fuata basi kalenda ya mvua: kata kabla ya mvua kuanza, mvua ikuoteshee machipukizi, kisha kiangazi kikuchanushie maua. Kata kubwa ya mwaka ifanye mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, masika yakiwa mlangoni, nawe utarajie maua kuanzia Juni au Julai upepo wa kusi unapokausha ardhi. Kata ndogo ya pili ifanye Septemba, kabla ya vuli, na maua yake utayaona kaskazi inapovuma, mwisho wa Desemba na Januari. Najua kwamba Tanga haina kiangazi kikavu kama cha Dodoma, kwa maana hata Julai manyunyu hupita, lakini upungufu ule wa mvua unatosha kuushtua mti.

Ipo pia alama ya kwenye mti wenyewe, nayo naiamini kuliko kalenda. Kile tunachokiita ua la bogenvilia, chenye rangi ya zambarau au nyekundu, kwa kweli ni majani matatu yaliyovaa rangi. Maua yenyewe ni vile vijibomba vidogo, vyeupe au rangi ya malai, vilivyosimama katikati. Vijibomba vikinyauka, na majani ya rangi yakaanza kupauka na kudondoka ukipita nayo bega, wimbi hilo la maua limekwisha na mkasi unaruhusiwa. Ukikata wakati vijibomba bado ni vichanga, umejidhulumu mwenyewe.

Sasa tuingie kazini. Panga liweke kando kabisa, kwa sababu hupasua na kuchana tawi, na aliyelishika hukata kinachofikika badala ya kinachostahili kukatwa. Nunua mkasi wa kupogolea ambao makali yake mawili hupishana kama ya mkasi wa nguo. Ule ambao kisu chake hushuka juu ya kibao huponda tawi bichi. Kwa matawi yaliyozidi unene wa kidole gumba tumia msumeno mdogo. Vaa glavu za ngozi nene, mikono mirefu, na miwani ikiwezekana, maana tawi la bogenvilia likikatwa huruka kama upinde uliofyatuka. Kabla hujaanza, tikisa matawi kwa fimbo ndefu uone kama kuna nyigu, au majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, ambao wakikudondokea shingoni utaitupa ngazi na mkasi pamoja. Ukikuta kiota chenye makinda, subiri wiki chache; mti hautaharibika kwa kungoja.

Mwaka huu wa kwanza kazi itakuwa kubwa, kwa sababu panga limeutengenezea mti wako ganda la nje la vitawi vilivyosongamana, na ndani humo bila shaka kumejaa matawi makavu yasiyopata mwanga. Anza na makavu yote, uyakate hadi yanapoanzia. Fuata matawi yanayosuguana, ukiacha moja na kuondoa jingine, kisha yale machipukizi marefu yanayotoka chini ya shina na kwenda moja kwa moja juu bila kutoa kitawi, maana hayo hunyonya nguvu na kukupa miba tu. Ukishamaliza hapo utauona mwili wa mti: matawi makuu manne, matano au sita, ambayo ndiyo utakayoyafunga kwenye tao na kuyatunza miaka yote. Yafunge kwa kamba ya katani isiyobana, si kwa waya. Mji uliokulia kwenye mkonge hauna sababu ya kuunyonga mti kwa waya. Yalaze yafuate mlalo kila yanapokubali, kwa kuwa tawi lililolazwa huamsha macho yake yote, yaani vile vivimbe vidogo kwenye makwapa ya majani, kwa urefu wake, ilhali lililosimama wima huamsha ya nchani peke yake.

Vitawi vya pembeni vinavyotoka kwenye matawi hayo makuu ndivyo vya kufupishwa, uviache na macho mawili au matatu kila kimoja. Kata nusu sentimeta hivi juu ya jicho, kwa mshazari, mteremko uelekee upande usio na jicho ili maji ya mvua yasilikalie, na uchague jicho linalotazama nje au kule unakotaka tawi lielekee, maana litaota likielekea huko huko. Jumla ya ulichoondoa isizidi theluthi moja ya mti. Mti uliozeeka na kuwa wazi chini huweza kukatwa zaidi ya hapo, hata kubakizwa visiki vya urefu wa goti, nao huchipua upya, lakini hiyo ni dawa ya mwisho na itakugharimu msimu mzima wa maua.

Ukishakata, lile ulilozoea lazima libadilike. Samadi ya kuku iache. Koleo moja la mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mwanzoni mwa masika, linatosha kwa mwaka. Maji ya kila jioni acha pia. Mti wa miaka saba ardhini una mizizi ya kujitafutia, na ukifika Juni usimpe hata kikombe mpaka uone majani yanalegea mchana. Machipukizi mapya yakifika urefu wa mkono, kila mtu ataona yamevurugika na kijana wako ataomba ruhusa ya kuyasawazisha. Mnyime. Kati ya wiki 6 na 10 tangu kukata, kukiwa na jua, ndipo matumba huanza kuonekana.

Nilisema uvivu wa jirani yako hautamsaidia siku zote. Mti usiopogolewa huchanua nchani tu, na ncha husogea mbali mwaka hadi mwaka, mpaka maua yote yawe juu ya paa na chini ibaki mikongojo. Atakuja kukuuliza, muonyeshe makala hii.

Mambo mawili ya haraka. Mti ukichipua majani ya njano yenye mishipa ya kijani, hiyo siyo njaa ya samadi. Mitaa ya Tanga iliyo karibu na bahari imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wenye chokaa nyingi huuzuia mmea kufyonza madini ya chuma, na tao lako la chuma haliwezi kuusaidia kwa hilo. Weka mboji na matandazo ya majani shinani, au ununue kwenye duka la pembejeo mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani. La pili ni miba. Miba mikavu ya bogenvilia hutoboa kandambili na tairi za baiskeli, na ikivunjikia mwilini huvimbisha kwa siku kadhaa. Zoa kila kitawi kwa reki, kisha uvifukie katika shimo refu, na aliyechomwa kwa kina aende zahanati kuulizia chanjo ya pepopunda.

Na kwa kuwa utasikia jina hili likitamkwa kila namna: lilitokana na Louis Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa, ambaye msafara wake ulitia nanga Rio de Janeiro mwaka 1767. Mtaalamu wa mimea wa msafara, Philibert Commerson, ndiye aliyeukusanya mmea huu na kuupa jina la nahodha wake. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume ili aruhusiwe merikebuni. Mimi hupenda kudhani kwamba mikono iliyochomwa na ile miba ilikuwa ya Jeanne.

Bi Shamba, salaam aleikum. Mimi ni mkongwe wa miaka 75, wa Ngamiani. Nina mwasumini dirishani uliopandwa na marehemu mume wangu. Umepanda hadi juu ya dirisha, chini ni vijiti vitupu, na asumini ninayopata haitoshi kikuba kimoja cha kujipamba. Mjukuu wangu anataka niukate, ila nakumbuka mama zetu walikuwa wakichuma tu, hawakuwa wakikata. Tena mwezi wa kumi na mbili nina harusi. Unanishauri nini? (Bibi wa Ngamiani, Tanga)

Wa aleikum salaam, na shikamoo bi mkubwa. Barua yako imefika Agosti, kwa hiyo nafasi ipo.

Mjukuu wako ana haki, na mama zenu pia walikuwa na haki. Asumini ya kwetu huchanua kwenye ncha za vitawi vichanga, aghalabu matumba matatu kwa pamoja, na kitawi kilichokwisha kuchanua hakichanui tena mpaka kitoe kingine ubavuni. Mama zetu walipokuwa wakichuma alasiri, matumba yakiwa meupe na bado yamefumba, wengi waliyakwanyua pamoja na kikonyo na jozi ya majani. Huko kulikuwa kupogoa, kila siku, kidogo kidogo, bila mtu kukuita kwa jina hilo. Mti unaochumwa hivyo kila jioni na nyumba yenye mabinti wanne haupati nafasi ya kuwa mrefu na mtupu. Wako umepungukiwa wachumaji.

Wakulima wa asumini wa Tamil Nadu, kusini mwa India, ambao huishi kwa kuuza maua haya kwa kilo, hawana huruma nao hata kidogo: mwishoni mwa Novemba huikata miti yao yote hadi kimo cha nusu mita hivi kutoka ardhini, nayo huchipua na kuchanua kuanzia Machi. Sikushauri ufanye hivyo kwa mwaka huu, maana harusi itakukuta na visiki. Ugawe mti kwa nusu. Sasa hivi, chagua nusu ya mashina, yale makongwe zaidi, uyakate kwa kimo cha goti lako, juu kidogo ya mahali lilipo jani au kovu la jani. Nusu iliyobaki ifupishe ncha tu, urefu wa shubiri moja, ili itoe vitawi vya pembeni. Hiyo nusu ya pili ndiyo itakayokupa asumini ya harusi, nayo uikate kwa kina baada ya wageni kuondoka, wakati ile ya kwanza imekwisha kuvaa majani.

Hapa kuna tofauti kubwa na jibu la mama wa Chumbageni, na naomba lisichanganywe: asumini haipendi kiu. Baada ya kukata mpe maji shinani kila baada ya siku mbili mvua isiponyesha, na samadi iliyooza kila mwezi kiganja kimoja au viwili. Apate pia jua la asubuhi. Kama kuna turubai au bati lililofunika dirisha, lisogezwe. Wiki mbili kabla ya harusi acha kukata chochote, chuma tu. Mkadi na rehani vya kutia kwenye kikuba utanunua sokoni, lakini asumini ya kununua huwa imekwisha kufunguka njiani, na kikuba chake hakifiki usiku wa manane.

Bibi Shamba, katika toleo lililopita uliandika kwamba kidonda cha tawi lililokatwa kipakwe rangi ya mafuta ili kisioze. Nilifanya hivyo kwenye alamanda yangu, na chini ya rangi nimekuta kuoza kweusi. Je, nilikosea rangi? (Mstaafu wa Pongwe, Tanga)

Hukukosea rangi, mimi ndiye niliyekosea, na nakuomba radhi. Niliandika nilivyofundishwa chuoni, na mafundisho hayo yamekwisha kupinduliwa. Katika miaka ya 1970 Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili aone ndani, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu. Hujenga kuta ndani yake na kukitenga kipande kilichoharibika, kisha huota mbao mpya kukizunguka. Rangi haiisaidii kazi hiyo, na mara nyingi hufungia unyevu chini yake, ndipo ukungu unaponawiri. Kinachosaidia ni kukata safi, kwa makali yaliyonolewa na kufutwa kwa spiriti kati ya mti na mti, pale tawi linapovimba kidogo kuungana na shina, pasipo kuacha kijiti na pasipo kuchubua shina lenyewe. Chokaa tunayopaka mashina ya miti barabarani ni pambo, wala haihusiani na vidonda.

Kwa alamanda yako, rudi nyuma ya sehemu iliyooza hadi ufikie mbao nyeupe, ukate hapo, uiache wazi. Utomvu wake mweupe ni sumu na huwasha ngozi, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla hujagusa macho, na matawi uliyokata usiyaache mbuzi wakayafikia.

Kuna mtambazi wa maua madogo ya pinki, umbo la moyo, umepanda mti, ukahamia paa la bati na sasa unaelekea nyaya za umeme. Nimeukata hadi chini mara tatu na kila ukikatwa unarudi kwa nguvu zaidi. Nikate namna gani? (Msomaji wa Sahare, Tanga)

Kwa maelezo yako huo ni Antigonon leptopus, mmea wa asili ya Mexico, na huo hauondolewi kwa kukatwa. Akiba yake iko ardhini, katika viazi vilivyoshikana na mizizi, na kila ukikata juu huchota humo na kurudi. Sehemu iliyokaribia nyaya usiiguse wewe. Watu wa umeme ndio wenye kazi hiyo. Kilichobaki kikate, kisha uchimbe ukifuata shina hadi uvitoe viazi vyote, hata vilivyo vidogo kama karanga, na urudi kukagua baada ya kila mvua kwa mwaka mzima. Ukitaka kuubakiza kwa ajili ya nyuki, ambao wanaupenda mno, uubakize kwenye kichanja kilicho peke yake na uukate kabla maua hayajageuka mbegu. Mbegu zake huelea, kwa hiyo taka zake zichome au uzifukie. Usizitupe mtaroni zikaenda hadi baharini na kuotea ufuo wa watu wengine.